Nimepima watoto wa kijiji kizima, sasa wananiambia nigombee

Habari zenu wasomaji wangu wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, poleni na baridi. Meseji za safari hii zimekuwa nyingi na karibu zote zinagusa kitu kimoja, watu wa afya na watu wa harakati za vijijini wanaotaka kuingia kwenye siasa, au wanaosukumwa waingie, au wanaoishi nyumba moja na mtu anayetaka kuingia. Nimechukua nne. Mi nilikuwa nesi miaka mingi kabla sijaingia baraza la madiwani kwa viti maalum, kwaiyo haya nayajibu kama mtu aliyepita kotekote, na ntasema ukweli hata pale unapouma.

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, hawa wanaoitwa WAJA, niko Rungwe vijijini. Kazi yangu unaijua, kupita nyumba kwa nyumba, kupima watoto, kuwakumbusha wajawazito kliniki, kufuatilia wanaomeza dawa za TB na za VVU wasiache. Mbali na hapo nimekuwa mstari wa mbele kwenye mambo ya kijiji, tulihangaika na wenzangu mpaka jengo la zahanati likapigwa bati, na nilishasimama kwenye mkutano mkuu kuuliza hela za mchango wa maji ziko wapi, siku ile wengine walinuna lakini majibu yalitoka. Sasa wazee na akina mama wananifuata wananiambia mwanetu chukua fomu, tumechoka na watu tunaowaona kipindi cha kampeni tu. Rafiki yangu wa Mbeya mjini yeye anasema nisihangaike na kijiji, niende moja kwa moja siasa za mkoa. Naogopa mama. Hela sina, pa kuanzia sipajui, alafu nasikia nikigombea napoteza na hii kazi. Na elimu yangu ni kidato cha nne. Nifanyeje?
Mhudumu, Rungwe

JIBU: Marahaba mwanangu, ndaga fijo kwa kuandika. Mtu aliyesimama kwenye mkutano mkuu akauliza hela za maji ziko wapi na watu wamemnunia, huyo siasa keshaanza, kilichobaki ni fomu tu na fomu nayo ina njia yake.

Nianze na la mkoa maana ndo linachanganya wengi. Mkoa kwetu hauna uchaguzi wake. Mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, mkuu wa wilaya hivyohivyo, na ile Kamati ya Ushauri ya Mkoa ni ya kushauri, mwananchi haipigii kura. Kwa mwanamke mlango wa mkoa uliopo ni ubunge wa viti maalum, ambao Katiba ibara ya 66 inataka usipungue asilimia 30, na kwenye chama chenye jumuiya ya wanawake iliyosambaa nchi nzima mchujo wake unaenda kufanyika mkoani. Pale utakutana na watu waliokaa kwenye jumuiya tangu ujana wao, wana mtandao wilaya zote kuanzia Chunya mpaka Kyela. We unajulikana kijijini kwako na kata yako. Kwa nini uache pale wanapokujua uende ukaombe kura kwa wajumbe ambao hawajawahi kukuona hata siku moja ukipita na mizani mkononi? Mkoa utakuja wenyewe baadae ukiwa na kitu cha kuonyesha.

Udiwani ndo unaofanana na unachokifanya sasa hivi. Diwani ndo mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile tunayoita WDC, pale ndo mipango ya vijiji vyote vya kata inakutana na kuchujwa ipi ipande halmashauri. Alafu anaingia baraza, na baraza lina kamati zake, iko ya fedha uongozi na mipango, iko inayoshika elimu afya na maji, iko ya ujenzi na mazingira, na iko ya kudhibiti UKIMWI ambayo wengi wanaidharau kwa sababu haina mradi wa kukata utepe. We omba ya afya, na ya UKIMWI nayo usiikimbie. Kule ndani utakuta wengi wanajua kudai jengo maana jengo linaonekana, lakini nani anauliza friji ya chanjo inawaka kwa umeme gani umeme ukikatika siku mbili, nani anauliza yule nesi mmoja wa zahanati akienda likizo ya uzazi nani anabaki, nani anauliza mama akishikwa na uchungu saa nane usiku kule milimani na mvua hii ya kwetu anashukaje. Maswali hayo unayo wewe, umeyakuta milangoni kwa watu.

Ngoja nikupe moja ambalo ukilishika vizuri litakusaidia kuliko hotuba nyingi. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, tena kutoka mapato yao ya ndani, na wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe, mara ya kwanza 2017 na tena 2022. Sasa kutenga ni kuandika kwenye karatasi, hela kutoka ni habari nyingine kabisa. Diwani anayeijua lishe haitaji kupiga kelele, kila robo mwaka anauliza tu, iliyotengwa ni kiasi gani, iliyotoka ni kiasi gani, na iliyotoka imefanya nini, imelipa semina au imefika kwa watoto? Anauliza robo ya kwanza, anauliza ya pili, anataka iandikwe kwenye muhtasari. Baada ya hapo watendaji wanakuja kikaoni na majibu wenyewe kwa sababu wanajua ataulizwa.

Na kwa nini nalikazania hili la lishe. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa 2022 ulikuta watoto waliodumaa Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati taifa zima ni asilimia 30. Iringa! Mkoa wa mahindi, maharage, viazi, mboga za kila namna, mkoa unaolisha wengine, zaidi ya nusu ya watoto wake wamedumaa. Mi hizi namba zinaninyima usingizi. Mama analima tangu alfajiri na mtoto mgongoni, magunia yanapanda fuso yanaenda Dar, mtoto anabakiwa na uji mweupe mara mbili kwa siku kwa sababu anayempikia yuko shamba. Hilo kliniki peke yake haiwezi kulimaliza, panatakiwa mtu mwenye sauti pale bajeti inapopitishwa na pale hela ya mazao ya nyumbani inapojadiliwa bila kuogopana.

Tena kwetu hili siyo geni. Miaka ya 1980 mkoa wa Iringa, kipindi hicho Njombe, Makete na Ludewa zote ziko ndani yake, ulikuwa na mpango wa lishe pamoja na UNICEF na WHO uliokuja kuzungumzwa mpaka nje ya nchi. Watoto walikuwa wanapimwa kijijini kila baada ya miezi mitatu kwenye siku ya afya ya kijiji, na matokeo hayakuwa yanaishia kwenye daftari la zahanati, yalikuwa yanapelekwa serikali ya kijiji, mwenyekiti anaulizwa watoto wangapi wako hali mbaya, ni wa nyumba zipi kunani huko, tunafanya nini. Ndo pakatoka vituo vya kulelea na kulisha watoto wakati mama yuko shamba, na utapiamlo mkali ukashuka. Wanaosema mhudumu wa afya abaki na mambo ya afya aachane na vikao hawaijui historia ya mkoa huu, mizani ilikuwa inafanya kazi kwa sababu ilikuwa inaingia kikaoni.

Haya, hofu zako. Elimu isikusumbue kabisa, sharti la kugombea udiwani ni uwe raia, umefika miaka 21, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe umependekezwa na chama. Kidato cha nne unaisoma bajeti vizuri tu ukikaa nayo, na ukiona kifungu hukielewi mfuate mweka hazina akueleze, ndo kazi yake.

Hela. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inaweka ukomo wa matumizi na inakataza kununua kura kwa zawadi, na kabla ya hapo Mahakama Kuu mwaka 2006 ilishaitupa takrima, ule unaoitwa ukarimu wa kuwapa wapiga kura vitu. Kwaiyo anayekwambia bila kugawa hupati anakufundisha kosa. Lakini sikudanganyi, mchujo wa ndani ya chama ndo mgumu kuliko uchaguzi wenyewe, wajumbe wanajulikana kwa majina na wapo wanaopitiwa usiku na bahasha. We huna bahasha. Una kitu kingine, wanakujua, na hapo ndo nataka unisikilize vizuri maana watu wa afya wengi wanateleza hapa hapa. Yule mama uliyemkimbiza hospitali mtoto ana degedege HANA DENI LAKO. Usimwendee ukamkumbusha. Ulikuwa unafanya kazi yako na yeye alikuwa mgonjwa wako, ukianza kudai fadhila kesho kila anayekufungulia mlango atajiuliza huyu kaja kunipima au kaja kunihesabu. Ukienda kuomba kura ongelea barabara ya kwenda zahanati, ongelea nesi wa pili, ongelea ile elfu moja ya mtoto, basi.

Kazi sasa. Programu ya sasa ya WAJA ilizinduliwa Januari 2024, lengo lake ni wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kila kitongoji au mtaa, na mafunzo ya miezi sita, kwaiyo siyo kazi ya kujitolea ya kizamani, una makubaliano uliyosaini. Yasome, alafu muone mratibu wa afya ya jamii wa halmashauri akwambie wazi kuhusu kugombea. Lakini hata kama karatasi inakuruhusu, ushauri wangu ni ukichukua fomu pumzika kupita majumbani, kabidhi rejista kwa mwenzio wa kitongoji, kwa maandishi, na mganga mfawidhi asaini. Utaelewa zaidi ukisoma swali linalofuata.

Na muda unao. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipita 27 Novemba 2024 na uchaguzi mkuu Oktoba 2025, kwaiyo mbele yako ni 2029 na 2030. Ningekuwa mimi ningeanza na halmashauri ya kijiji 2029, ina wajumbe 15 mpaka 25 na robo yake angalau lazima wawe wanawake, ukae kamati ya huduma za jamii, ujue muhtasari unaandikwaje, ujue barua inakwamaga wapi kati ya kijiji na halmashauri. Wakati huu pia hudhuria mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu na udai mapato na matumizi yasomwe, hiyo ni haki ya kila mwanakijiji wa miaka 18 na kuendelea, haihitaji cheo. Ikitokea uchaguzi mdogo katikati utakuwa tayari.

Mfano wa mtu aliyepita njia hii upo, Dkt. Lucy Nkya wa Morogoro, daktari aliyeanzisha Faraja Trust Fund kuhudumia watu wa VVU kipindi ambacho wengi walikuwa wanawakimbia, baadae akaingia bungeni kwa viti maalum, akapata jimbo la Morogoro Kusini Mashariki 2010 na unaibu waziri wa afya. Na alitolewa kwenye unaibu 2012 baada ya mgomo wa madaktari. Nimekuwekea yote mawili makusudi. Ukiwa nje unadai, ukiwa ndani unadaiwa wewe, tena na wenzako wa kazi ileile.

SWALI: Kamwene mama. Niko mkoa wa Njombe, natumia ARV miaka mingi na afya yangu nzuri. Mhudumu anayenifuatilia nyumbani ni mtu mwema sana sina baya la kusema juu yake, ila ametangaza nia ya udiwani, juzi kwenye mkutano akasema mimi nyumba zote hapa nazijua, najua mpaka shida za ndani. Watu walipiga makofi mimi nilitamani ardhi ipasuke. Niliona kama kila mtu ananiangalia. Nafikiria kuhamia kituo cha mbali au niache tu dawa nijifiche. Naomba usitaje nilipo.
Msomaji, Njombe

JIBU: Kamwene mwanangu. La kuacha dawa liondoe kabisa kichwani leo hii, dawa haina kosa. Kama unaona huwezi tena kukaa na mhudumu huyo, nenda CTC, ile kliniki ya VVU unakochukulia dawa, omba kuzungumza na mshauri nasaha faragha, mwambie unataka ufuatiliwe na mtu mwingine au upewe uhamisho kwenda kituo kingine. Huo uhamisho upo na watu wanaomba kila siku, safari, ndoa, kazi, huna haja ya kujieleza sana. Usiondoke bila barua ya uhamisho tu, maana ukiondoka kimya unahesabika umepotea na kule uendako wataanza kukutafutia kumbukumbu upya.

Na haki yako iko kwenye sheria. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu na hali ya mtu, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya ni katika zile nyeti kabisa. Akitaja jina lako au akakuelezea mpaka ukajulikana una pa kushtaki. Aliyosema mpaka sasa hajakutaja, na naamini hakuwa na nia mbaya, alitaka kuonyesha yuko karibu na watu. Ila ni kauli mbaya sana na nataka wote mnaotoka afya mnisikie.

Huku kwetu siyo kama mikoa mingine. Utafiti wa VVU wa 2022-2023 ulikuta watu wazima wenye maambukizi Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, taifa zima 4.4. Yaani kwenye mkutano wa watu wazima mia moja Njombe, unaowaona wamesimama kwenye jua wanakusikiliza, kwa wastani kumi na wawili au kumi na watatu wana jambo hili na pengine wewe mhudumu ndo mtu pekee nje ya kliniki anayejua. Ukisimama jukwaani ukasema unajua ya ndani, wao hawasikii huruma, wanasikia kitisho. Na hata wapinzani wako wataanza kusema mkimpa huyu cheo siri zenu zitafika baraza la madiwani. Mtu mmoja akiogopa akaacha dawa, ujue umemuumiza kwa sentensi moja mtu uliyemhudumia miaka yote.

Kwaiyo nyie mnaogombea, rejista ikabidhiwe kabla hamjapanda jukwaani. Namba za simu mlizozipata kwa kazi zisiingie kwenye grupu la WhatsApp la kampeni hata moja. Siku ya kliniki usionekane eneo la zahanati na sare ya chama. Picha na wagonjwa, hapana. Ukitaka kuongelea VVU ongelea kwa ujumla wake, na maneno ya kuongea yapo tele, kwa mfano Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake tuliona jinsi miradi mingi ya VVU inavyosimamia hela ya nje, sasa muulize mgombea mwenzako kwenye bajeti ya halmashauri yetu tumeweka kiasi gani chetu wenyewe kwa ajili ya hao wahudumu na hizo kliniki? Hapo utapigiwa makofi na hakuna atakayetamani ardhi ipasuke.

Na wewe msomaji wangu, kama una nguvu hiyo, mpigie simu huyo mhudumu umwambie ulivyojisikia. Mtu mwema ataelewa. Kama huna nguvu hiyo ni sawa pia, fanya la uhamisho na uendelee na maisha yako.

SWALI: Mambo vp mama, mi kijana wa Mafinga naendesha bodaboda, tuna kikundi tunajitolea kubeba wajawazito usiku bila kudai hela kwanza, na tunafanya usafi na kuchangia damu. Vijana wananitaka niwe diwani ila mi vyama vyote sivitaki, vinatugawa. Naweza kugombea binafsi?
Kijana wa boda

JIBU: Salama mwanangu, na Mungu awabariki hao mama wanaofika salama kwa ajili yenu. Jibu ni huwezi. Katiba na sheria zetu za uchaguzi zinataka mgombea apendekezwe na chama, kuanzia kijiji mpaka Rais hali ni hiyo. Na aliyelipigania hili maisha yake yote ni mtu wa huku kwetu Ludewa, marehemu mchungaji Christopher Mtikila. Alishinda Mahakama Kuu 1994, Katiba ikabadilishwa kuzuia, akarudi akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010 ikisema hilo ni la Bunge na wananchi siyo la mahakama, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, na Juni 2013 ikasema Tanzania inakiuka haki kwa kumlazimisha mtu kuwa na chama. Mtikila alifariki 2015 na sheria bado haijabadilika. Mi nasema wazi naona mahakama ya Arusha ilikuwa sahihi, watu kama nyie mngeingia kirahisi na kata zingefaidika.

Lakini wakati tunasubiri, kuna viti ambavyo havidai kadi. Kila zahanati na kituo cha afya kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, inapitia mapato ya kituo, inapanga na kuidhinisha matumizi, inajua dawa zimeagizwa lini. Sehemu nyingi kamati hii imelala, watu wamo kwa majina tu. Nafasi ikitangazwa omba. Na hilo la kubeba wajawazito liandikeni, tarehe, kutoka wapi mpaka wapi, mafuta yametumika kiasi gani, bila majina ya wagonjwa, mkipeleka WDC karatasi kama ile na kuomba kijiji kitenge fungu dogo la mafuta hakuna mtendaji atakayewaambia hamna data. Pelekeni mapema, mwaka wa fedha unaanza Julai lakini maamuzi yanafanyika miezi mingi kabla, ukija Mei utaambiwa bajeti imefungwa na ni kweli itakuwa imefungwa.

SWALI: Dada yangu habari. Mi ni mkulima wa mpunga Mbarali. Mke wangu ni nesi wa serikali na anataka kugombea udiwani wa kata yetu. Sina wivu ila nasikia mengi, vikao vya usiku, wanaume wakubwa wa chama wanataka vitu, na majirani wameanza kunicheka kwamba ntabaki na watoto. Nimkataze au nimwache?
Baba watoto, Mbarali

JIBU: Nzuri kaka, na nashukuru umeuliza, wengi wanakatazaga tu bila kuuliza.

Kukataza usikataze. Unayoyasikia siyo uongo wote, rushwa ya ngono ipo kwenye siasa kama ilivyo maofisini na vyuoni, na sheria inaijua kwa jina, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, mtu kutumia madaraka yake kudai ngono ili akupe cheo au upendeleo ni kosa la jinai. Sasa kama tatizo ni wanaodai, kwa nini anayefungiwa ndani awe anayedaiwa? Mkeo akijua nyumbani ana mtu wa kumwambia bila kuulizwa ulimfuata wewe au alikufuata yeye, atakuwa na ujasiri wa kuripoti. Mwanamke anayeogopa mumewe kuliko anavyoogopa mwenyekiti ndo anayekamatika kirahisi. Nimewaona, nimekaa nao, walinyamaza kwa sababu walijua wakisema nyumbani ndo ndoa imekwisha.

Vikao vya usiku ni kweli vipo na mi nilivipinga sana. Mwambie aombe vikao viwe mchana, akiungana na wanawake wengine wawili watatu wa kata inawezekana, na vikishindikana nenda nae. Hakuna aibu mwanaume kumpeleka mkewe kwenye kikao cha chama.

Hilo la kuwa nesi wa serikali ni zito kuliko majirani. Mtumishi wa umma ana utaratibu wake wa kugombea nafasi ya kisiasa, upo kwenye waraka wa utumishi, kwaiyo kabla hajagusa fomu aende kwa afisa utumishi wa halmashauri aombe waraka unaotumika sasa hivi ausome mwenyewe, aandike barua apate majibu kwa maandishi. Alafu kaeni chini na hesabu zenu, mshahara wake, mpunga wako, ada za watoto, maana akishinda atakuwa anaishi kwa posho za diwani na diwani hana fungu lake la kugawa kama ule mfuko wa jimbo wa mbunge, ila watu watakuja nyumbani kwenu kuomba hela za msiba na za hospitali kuanzia siku ya matokeo. Kubalianeni mapema mtakuwa mnatoa nini na mtakataa nini, na wewe pia ujue kukataa maana watapitia kwako.

Namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, haina malipo, iandikeni kwenye simu zenu zote mbili.